Alobaini na Mbili

Walinilipa laki mbili na nusu
nihesabu moja hadi mia tatu,
studio ya Kijitonyama, kuta zimevishwa magodoro,
feni imezimwa isiingie kwenye rekodi,
jasho linanishuka mpaka kwenye ndala.

"Tena," anasema Bwana Shaame kwenye spika.
"Ishirini, si ishilini.
Ulimi uucheze, mwanangu, usiulaze."

Ulimi wangu umelala Maswa tangu nizaliwe,
umelalia michembe na maziwa mgando,
nani alishawahi kuuamsha?

Tena. Dirisha. Tena. Arobaini.
Fundi Tumsifu anakata, anabandika,
r ya asubuhi anaitia kwenye neno la jioni.
"Fresh, sista. Hawatajua."

Mchana tulivuka barabara kwenda kula.
Bwana Shaame akaagiza mbatata na tungule.
Kijana wa chipsi akamkazia macho
kama kaulizwa dawa ya mifugo:
"Mzee, hapa kuna viazi. Nyanya, ongeza jero."
Tulicheka wote, hata mlinzi wa Newala
anayemwita kila mtu njomba.
Shaame hakucheka.
Wala hakuna aliyemwambia: Tena.

Saa tatu usiku, mia moja alobaini na mbili.
Nilisikia nilipoteleza. Tumsifu naye alisikia,
mkono wake ukasimama juu ya kipanya.
Shaame kasinzia, miwani kifuani.
Nje bajaji niliyoiita ilikuwa inapiga honi, inapiga honi.
Tumsifu akanikonyeza,
akaiacha ipite.

Mwezi wa sita Mayu alikuja kutibiwa macho Muhimbili.
Nikamsindikiza benki, Kariakoo,
kuchukua hela zake za pamba.
Tulikaa kwenye viti vya bluu vilivyofungwa pamoja,
mmoja akijikuna, wote mnatikisika.
Sauti ikaita juu ya vichwa vyetu:
Namba mia moja ishirini na nane, dirisha la tatu.

"Huyu binti kasoma," Mayu alisema.
"Mtoto wa mkubwa huyu. Au wa Mwalabu."

Mdomo nilikuwa nao.
Niliutumia kumwambia afunge mkoba vizuri,
mji huu hauna dogo.

Thelathini na moja. Thelathini na tano.
Arobaini, r imesimama wima kama askari wa gwaride.
Mayu akapiga miayo. Akauliza kama humu wanauza maji.

Halafu:
Namba mia moja alobaini na mbili.

Mtu mwenye ovaroli akanyanyuka na karatasi yake.
Wasichana wawili nyuma yetu wakaziba midomo:
"Mwana, Msukuma kaingia kwenye mashine!"

Mayu hakuitazama spika.
Alinigeukia mimi,
kitambaa cha kufutia macho mkononi.

"Unasemaje, Sundi?"

Nilikuwa sijasema kitu.