Daftari la Kilima cha Beal

Mali yetu ilikuwa na daftari,
ikapotea na habari zake zote
kwa mwandiko mzuri wa baba, wino mweusi,
kila tarakimu imesimama wima
kama askari asiyeambiwa vita vimekwisha.

Mwaka ule wa mavuno makubwa
aliandika: *ratili laki mbili*, akapiga mstari mara mbili.
Malori yalipanga foleni hadi kanisani.
Lakini Maine yote ilikuwa imezaa,
na ng'ambo ya mpaka, Kanada, imezaa,
kiwanda kikatulipa senti ishirini na nne kwa ratili.
Orrin Beal alikufa akiutaja mwaka huo.
Mimi Verna, bintiye, nimeuhesabu upya
usiku wa Februari, theluji ikikwaruza dirisha:
mizinga ya nyuki ya kukodi, dizeli, dawa ya magugu,
mashine ya kuvunia, na benki nyuma ya mashine.
Hatujapata hasara kama ya mwaka huo.

Hakuna aliyezipanda buluberi hizi.
Barafu ya kale ilikwangua kilima,
ikaacha mawe na mchanga mchachu,
na mizizi ikatambaa gizani, kichaka kwa kichaka,
visivyofika gotini.
Mwaka mmoja twavifyeka hadi ardhini, au twavichoma.
Mwaka wa pili vinazaa.
Nusu ya shamba hulala, nusu hulipa.
Kodi ya ardhi hailali.

Nikaanza na vipara.
Kila palipokuwa na udongo mtupu tulimwaga maranda,
unene wa vidole vinne, mizizi ipate pa kujificha ikisafiri.
Tukanyunyiza salfa: nyasi zikanuna,
buluberi hazikujali.
Mizinga hamsini nikaipunguza, ikawa thelathini,
na ukingo wa kaskazini nikauachia maua yake,
makao ya nyuki-bambi, wanene, wenye manyoya,
wanaofanya kazi hata manyunyu yakianguka
na hawajawahi kuniletea ankara.

Kaka yangu Lyndon alicheka hadi akakohoa.
"Unapunguza nyuki, na unataka matunda?"
Sitaki matunda, nikamwambia.
Nataka kinachobaki.

Agosti akaja Philomena Levi,
Mmi'kmaq wa New Brunswick, na wajukuu wanne,
na chanuo lake la chuma lenye mpini uliong'arishwa na kiganja.
Akatazama mteremko wa mawe, ule unaoishinda mashine.
"Mashine yako huzipiga," akasema. "Mimi huzichana."
Akataka malipo maradufu kwa kila kreti.
Nikaingia jikoni. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Nikapiga tena.
Nikatoka nikamwambia sawa,
naye akacheka, kwa maana alikuwa ameshaanza.

Zile za mteremko hazikuona kiwanda.
Tulizipeta kwa feni, tukazichagua mezani kwa vidole,
utando wao mweupe bado juu ya ngozi
kama pumzi kwenye kioo,
tukaziuza mbichi kando ya barabara na hotelini bandarini,
dola nne ratili.
Lyndon alibeba maboksi. Hakusema kitu,
lakini alianza kuyapanga lebo zikitazama mbele.

Bondeni, sakitu ya mapema Juni ilikuwa imeua maua
usiku mmoja, ekari sita.
Hilo nalo nimeliandika.
Daftari lisiloandika baridi ni barua ya mapenzi.

Ratili elfu themanini na tatu.
Baba angeona haya, angejifunika kofia usoni.
Kilichobaki, baada ya wote kulipwa, na Philomena wa kwanza:
dola elfu kumi na moja, mia mbili na sita.

Sikupiga mstari.
Mwakani ni zamu ya upande uliolala,
wenye mawe mengi zaidi na mteremko mfupi,
na bei haijulikani, na Juni ni Juni.
Nimeandika kwa penseli.