Hesabu ya Boriti

Mabati ya baba yalikufa taratibu,
kama mzee mwenye sukari: kidole, kisha kidole.
Kwanza kona ya jikoni, pale upepo unapoingiza chumvi bila hodi,
kisha juu ya kitanda,
kisha juu ya kabati la vyombo vya arusi.
Nilijua kila tundu kwa sauti yake.
Sufuria ililia ndo, kopo la maziwa likajibu ti,
na beseni la plastiki likanyamaza
kama mtu aliyesutwa.

Kaka yangu wa Mombasa akaandika kwenye simu:
Rudisheni makuti, ndiyo mila.
Dada wa Jedda akaandika: Mwageni zege.
Hakuna kati yao aliyeamka saa tisa za usiku
kuhamisha godoro.

Nikamwita Famau, mwana wa marehemu Lali wa duka la misumari.
Akapanda, akabonyeza bati kwa kidole gumba.
Kidole kikapita.
"Dadangu," akasema kutoka huko juu,
"hapa hakuna bati. Hapa pana kutu
iliyosimama kwa mazoea."

Yeye alitaka geji ishirini na nane. Mfuko wangu ulitaka thelathini.
Tukabishana hata chai ikapoa.
Nikakubali, nikapungukiwa mabati manne.
"Yaje tu," akasema, na hakuandika popote.

Yakaja kwa mashua kutoka Mokowe, ishirini na mawili,
marefu kushinda subira ya kichochoro chetu.
Penye kona ya msikiti yakakataa kupinda.
Hamali wakavuta nyuma, wakasukuma mbele,
punda mmoja akatazama kando, kwa adabu.
Ndipo Bi Mwanamize,
ambaye hatujasemezana tangu mwaka wa kesi ya ukuta,
akafungua dirisha la ghorofani:
"Pitisheni kwangu. Mkiangusha shuka zangu mtazifua wenyewe."
Basi paa letu likapita juu ya paa lake,
kipande kwa kipande,
kati ya shuka na leso zilizoanikwa.

Siku ya kuezua, jua lilishuka chumbani kwa mama
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Kutu ilivunjika mkononi mithili ya biskuti,
vumbi jekundu likanyesha juu ya kope zetu.
Lakini boriti za mikoko zilikuwa ngumu bado,
zikirudisha sauti ya nyundo
kama mlango wa mtu aliye nyumbani.

Na kwenye boriti ya tatu, kwa kalamu ya seremala,
kwa zile herufi za Kiarabu alizoandikia Kiswahili chake,
mkono wa baba:
"Lali. Misumari ratili nne. Bado."
Hakuna tarehe. Bado, basi.

Famau akaisoma. Akaisoma tena.
Mkono wenye nyundo ukashuka.
Wazee wetu wako chini ya mchanga,
mmoja anadai, mmoja anadaiwa,
nasi tumesimama juu ya hesabu yao, hatuna kivuli.
Nikashika mkoba. Akatikisa kichwa.
"Babangu alikuja hapa kila Ijumaa baada ya sala,
akala wali wa mamako, akanywa kahawa,
akirudi kwetu anasema: leo pia nimesahau kumdai.
Ukilipa, utakuwa umemfukuza mgeni."

Masika yakatukuta tumebakisha bati moja.
Alilipigilia huku amelowa chapachapa,
akiyatukana mawingu kwa Kibajuni.
Kabla ya kuliziba akanipa kalamu.
Chini ya mwandiko wa baba, kwa herufi zangu za shule, niliandika:
"Famau. Mabati manne. Bado."

Usiku ule niliamka saa tisa, mwili haujapata habari,
nikapapasa gizani natafuta sufuria.
Ilikuwa jikoni, kavu.
Mvua ilikuwa juu, inapiga, inapiga,
na hakuna kilichoitika.

Keshokutwa ni Ijumaa.
Nimemwambia aje na njaa.