Kanda ya Kumi na Saba

Ghala la kumbukumbu, Al-Khuwair. Kiyoyozi kinakohoa.
Naandika lebo: Mundhir bin Zahor, mgombea, wilaya ya Ibra,
mdahalo wa pili, dakika arubaini na mbili.

Kwa Kiarabu hatetereki. Barabara, falaji, ajira za vijana;
ahadi zimepigwa pasi kama kanzu yake.
Kanda ya nne aliahidi zahanati.
Ya kumi na moja, zahanati imegeuka upembuzi yakinifu.

Kisha matangazo. Taa zinafifia,
mtu kasahau kuzima kipaza sauti,
naye anainamia simu:
"Mama, ushakula? Dawa umemeza?
Usiningoje. Leo wamenikaba koo."

Kiswahili cha Ng'ambo, kile kile cha jikoni kwetu.

Fomu ina safu ya Lugha. Nimeandika: Kiarabu.
Nikafuta.
Safu ya Mada: maji, barabara, mama.
Msimamizi ataniuliza.

Alishindwa kwa kura mia na sita;
hilo limo kwenye faili jingine, la kijani.
Mimi narudisha kanda nyuma, sekunde kumi tu,
nimsikie tena akiuliza kama mtu amekula.