Mvua ya Kaseti ya Kumi na Tisa

Saa nane za usiku megabaiti huwa za bei rahisi.
Ndiyo maana nimekesha hapa Nyamugo,
katika chumba cha redio chenye dirisha moja,
diski tatu mezani, moja inalia kama panya,
blanketi miguuni, chai imepoa.

Bwana Cubaka alisema: pandisha yote winguni
kabla diski hazijafa.
Kisha akasema: siyo yote, hela ya kifurushi ni ndogo.
Kisha akaenda kulala, akaniachia mimi
tofauti kati ya yote na siyo yote.

Faili hazina majina ya maana.
Zinaitwa MPYA, MPYA2, MPYA YA MWISHO,
ZISIGUSWE, na moja inaitwa tu NSIMIRE,
nayo ni dakika nne za mtu akijaribu kipaza sauti:
moja, mbili, moja, mbili, hodi hodi, mnanisikia?
Nimechelewa miaka ishirini na mmoja, Nsimire,
lakini nakusikia.

Asilimia sita.

Kuna bei za maharage soko la Kadutu.
Kuna mpira, goli halikutangazwa
kwa sababu mtangazaji alishikwa na chafya.
Kuna matangazo ya vifo, mengi,
yamesomwa na Mama Nabintu kwa sauti ile ile
aliyotangazia mbuzi waliopotea:
familia ya M'Rugendo wa Cimpunda inawaarifu
ndugu walio Uvira, walio Kamituga,
na yule aliye mbali asiyejulikana aliko.
Hapo anameza mate. Kila mara, hapo.

Saa tisa umeme ukakatika.
Ruzizi inateremka usiku kucha, haichoki,
waya zetu ndizo zinazochoka kuipokea.
Nikaunganisha betri ya pikipiki. Sita ikawa sifuri,
kwani wingu halihifadhi nusu neno.
Nikaanza upya.

Kaseti ya kumi na tisa ina kasoro.
Bwana Cubaka ameandika kwa kalamu nyekundu:
KELELE. SAFISHA AU FUTA.
Nikaifungua nisikie hiyo kelele.

Ni mvua.
Mvua ya Aprili juu ya mabati,
imemfunika Mama Nabintu hadi kiunoni,
naye anapandisha sauti, jina baada ya jina,
kama mtu anayevuka mfereji na mtoto mgongoni.
Nyuma yake mtu anasukuma ndoo chini ya tundu la paa:
ti, ti, ti, halafu inajaa, halafu inanyamaza.

Ninayo programu ya kuondoa mvua. Ni kubofya mara mbili.
Nilijaribu, dakika moja tu:
mvua ikaondoka, ikaondoka na silabi ya mwisho
ya kila jina.
M'Ruge. Cimpu.
Ungemzika nani kwa jina kama hilo?

Basi nimeirudisha ilivyokuwa,
nimeiweka mwanzo wa foleni,
mbele ya hotuba, mbele ya kwaya,
mbele ya kipindi anachokitaka mfadhili.
Asilimia arobaini. Sitini na moja.
Mabati ya leo ni makavu, nyota zimeshuka hadi ziwani,
na mvua iliyonyesha hapa kabla sijajua kuandika
inapanda polepole na wafu wake na ndoo yake,
inarudi winguni.

Kesho nitamwambia Bwana Cubaka kifurushi kimeisha.
Akiuliza kimeishia wapi,
nitamwonyesha paa.