Majani ya Butula

Miaka sita nilikuwa tarishi wa majani.
Nilichuma ya muhogo wenye michirizi, Butula, Nambale, Matayos,
nikayakausha ndani ya bahasha za kaki,
nikaandika tarehe na jina la mwenye shamba.
Alichosema mwenye shamba hakikuwa na nafasi kwenye fomu.
Bahasha zilipanda ndege. Mimi nilirudi kwa baiskeli.

Misimu mitatu ikapita, jibu likaja:
kurasa kumi na nne,
na jina langu chini kabisa, penye shukrani,
limekosewa. Wabuire.
Mashina ya mama yalikwisha kuwa kuni.

Sasa niko Kisumu, ghorofa ya pili,
juu ya duka la pembejeo linalonuka mbolea na dawa ya kupe.
Tuko kumi na mmoja, kompyuta ni tisa,
na yangu haina kitufe cha G,
nayo G ni moja ya herufi nne tulizokuja kuzisoma.

Mwalimu Awuor Odindo hana haraka.
"Skrini nyeusi haing'ati. Iulize kwa adabu."
Naiuliza. Kosa, mstari wa arobaini na mbili.
Naiuliza tena. Kosa.
Ni mkato mmoja tu umepotea,
nami naupembua kama mchele wa Ahero,
kokoto moja, yenye rangi ya mchele.

Saa kumi jioni stima inakatika.
Kazi iliyofika asilimia tisini na moja
inarudi sifuri.
Chepng'etich anaanza kucheka, kisha sote,
kisha Barasa mlinzi anapanda ngazi na jerikeni ya petroli:
"Hivi hizi mashine zenu zinakula nini usiku kucha?"
"Majani," namwambia.

Tulilala palepale, vichwa juu ya madaftari.
Awuor hakulala. Alisema, kama anayejisemea,
"Kule nilikosomea walinipa kiti.
Niliporudi hapakuwa hata na meza.
Basi nikaanza na meza."
Jenereta ilikohoa, ikaendelea.

Alfajiri faili likakamilika:
herufi elfu tisa na ushei za kirusi kimoja,
kutoka jani moja,
kutoka shamba ninalolijua hadi mawe yake.
Na mahali fulani katikati, pale penye A kwa wengine wote,
muhogo wa Butula una G.
Nikaazima kitufe cha jirani ili niiandike.

Simu ikalia. Nyuma ya sauti ya mama
nilisikia jembe likigonga jiwe.
"Wabwire, ule mstari wa karibu na kisima,
niung'oe au niuache?"

Miaka sita jibu langu lilikuwa moja:
tumepeleka, tunangoja.

"Subiri kidogo, mama," nikasema,
kidole bado kiko juu ya G ya kuazima.
"Nasoma."