Meno Nje

Ngiri haingii shimoni kama sisi tuingiavyo nyumbani.
Hugeuka mlangoni, akatanguliza makalio,
meno akayaacha nje, yakilinda.
Alinifundisha hayo shemeji yangu Mkwachu,
mwenye kovu pajani
na asiyependa kuulizwa.

Leo porini, nyuma ya Mpigamiti,
moto umepita juzi, miombo imesimama myeusi.
Mgeni ana kibali na buti mpya,
ananong'ona kama yumo msikitini.
Mimi nasoma chini: kwato, majivu,
udongo uliofukuliwa kwa pua.
Mnyama huyu hula amepiga magoti.
Magoti yana sugu.
Sisemi zaidi.

Kisha mkia, wima kama eriali ya redio,
na nyuma yake watoto wanne, mikia minne.
Nikainua mkono: siyo huyo.
Tukangoja mpaka jua likatuchoma shingo.
Dume likatoka peke yake.
Bunduki ikakohoa, kwale wakatawanyika,
mgeni akacheka, halafu akanyamaza,
akaomba maji.

Meno aliyachukua yeye.
Nyama aliichukua Saverio, mpishi wetu wa Ndanda,
akaimba njia nzima.
Mimi nilinawa mara saba, moja kwa udongo.
Ujira, wakasema, mwisho wa mwezi.

Usiku, barazani kwangu, amekaa Likwata wa dukani,
daftari la madeni mapajani.
Nikamsalimu vizuri, nikamuulizia mkewe,
huku narudi kinyumenyume, taratibu,
mpaka kisigino kikagusa kizingiti,
nikazama ndani,
meno nje.