Neno la Kiu

Nilinunua bango la mataifa kule Ruwi, riali mbili na nusu:
watoto wameshikana mikono kulizunguka tufe,
kila mmoja na kofia yake, kila mmoja na bendera,
wote wanacheka kwa meno yaleyale.
Nikalibandika sebuleni, usawa wa macho yao.
Kufika adhuhuri Muhallab ameshaitafuna Brazili.

Basi. Nikajua somo halimo ukutani.

Nyumba yangu iko Al-Khoudh, nyuma ya fundi wa kanzu,
geti la kijani, nambari imefutwa na jua.
Saa moja asubuhi viatu vinaanza kujipanga mlangoni:
ndara za Jomari zenye sura ya chura,
vya Nandana vinavyolia wii, wii, kila hatua,
na kimoja cha Wigdan. Cha pili hubaki garini kwa baba yake,
kila siku, sijui kwa nini, siulizi tena.
Watano, na mkubwa wao hajatimiza miaka mitatu.
Hawajui kuwa wao ni wageni.
Hawajui kuwa wao ni wenyeji.
Wanachojua ni nani kashika gari jekundu.

Agosti hapa bomba la baridi hutoa maji ya moto,
tangi juu ya paa linatokota kama birika,
kwa hiyo ya kunywa nayaweka kwenye jagi, kwenye friji,
na kila friji inapofunguka wanakuja mbio
kama kuku waliosikia punje.

Nandana alitangulia: *vellam*.
Nikampa kikombe.
Wigdan akautazama mdomo wa mwenzake, akakitazama kikombe,
akasema *moya*, kama mtu anayelipa nauli.
Shahdad, Mbaluchi wangu: *aap!* na kofi mezani.
Jomari, taratibu, *tubig*, shingo upande.
Muhallab hakusema kitu. Alinyoosha kidole,
mtoto wa mwenye nchi.

Na mimi, nikimimina, ulimi ukaniponyoka:
maji.

Nilikuwa na miaka saba tulipohamia kutoka Wete.
Mwalimu wa Matrah aliniuliza nataka nini,
nikamwambia, kwa neno nililokuwa nalo.
Darasa lilicheka mpaka kengele.
Tangu siku ile kiu yangu niliisubirisha hadi nyumbani.

Hawa hawakucheka.
Waliliokota neno kama walivyookota mengine,
wakalitia mdomoni, wakalionja,
wakaligombania kidogo.

Wiki ya tatu Shahdad alishikwa na homa,
akalala mkekani, masikio mekundu.
Wigdan akaenda na kikombe chake, mikono miwili,
nusu yote imemwagika njiani.
Akachutama.
Hakusema *moya*, neno la kwao.
Alisema *aap*.
Nilisimama na kitambaa cha kufutia sakafu,
nisijue nifute wapi.

Usiku mamake Muhallab akanipigia simu.
Sauti ya adabu, iliyopigwa pasi:
mtoto amerudi anasema *maji*,
nyumbani kwetu hatusemi hivyo,
tunakuomba, ustadha, Kiarabu tu.
Nikawa natafuta jibu lisilo na mwiba.
Ndipo nyuma yake, jikoni labda,
sauti ya kikongwe ikapasuka, Kiswahili cha Ng'ambo kabisa:
«Mpe maji mtoto, wewe! Unazungumza nini saa zote hizo?»

Kimya.
Simu ikakatika.

Asubuhi dereva hakuja na Muhallab.
Alikuja bibi mwenyewe, buibui limekunjamana kwa kukaa garini,
akasimama getini, akatazama kulia, akatazama kushoto,
akasema *hodi* kwa sauti ndogo,
kama anayejaribu nguo iliyokaa sandukuni miaka hamsini.

Karibu, nikasema. Viatu hapo.
Akavipanga vyake pembeni mwa kile kimoja cha Wigdan.
Muhallab akaelekea kwenye friji, akanyoosha kidole.
Bibi akakishika kile kidole, akakikunja polepole.

«Sema kwanza», akamwambia.
Na wote watano wakajibu.